Mama ana presha ya macho na pumu: aendelee na matone, apigwe leza, au tusubiri teknolojia mpya?

Msomaji wa Morogoro ameandika hivi: "Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61. Mwaka jana alipimwa akaambiwa ana presha ya macho, na jicho la kulia limeshapoteza sehemu kubwa ya uoni wa pembeni. Anatumia timolol asubuhi na jioni, ila chupa ikiisha mara nyingine hukaa wiki nzima bila dawa. Ana pumu ya tangu usichana, ilikuwa imetulia, lakini miezi hii anabanwa kifua usiku. Kaka yangu yuko Muscat, anasema huko wana leza na mashine za akili mnemba, tumpeleke. Jirani alifanyiwa upasuaji wa macho akarudi anaona vizuri, kwa hiyo mama naye ana matumaini. Je, uoni wake utarudi? Aendelee na matone, aende Muscat, au tusubiri teknolojia ifike kwetu?"

Marahaba, dada. Naanza na kifua cha mama, kwa sababu hicho hakisubiri leza wala tiketi ya ndege.

Timolol ni dawa nzuri, ya zamani na ya bei nafuu, na imeokoa macho mengi. Lakini mwenye pumu hapaswi kuitumia. Tone unalolitia jichoni halibaki lote jichoni. Kwenye kona ya ndani ya jicho, karibu na pua, kuna kijitundu ambacho machozi hupitia kwenda puani. Dawa nayo hupita hapo hapo, ikafyonzwa na kuingia kwenye damu bila kupita tumboni wala kwenye ini. Ikifika kifuani hubana njia za hewa na kupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Kwa mtu mzima wa afya huenda asihisi lolote. Kwa mwenye pumu, matone mawili kwa siku yanatosha kumkosesha usingizi, na wengine yamewapeleka hospitali hoi.

Kwa hiyo leo au kesho, mpeleke kliniki akiwa na chupa yenyewe mkononi, na neno la kwanza mtakalomwambia daktari liwe: "Ana pumu, anatumia dawa hii, na miezi hii anabanwa kifua." Yapo matone mengine yasiyobana kifua namna hiyo. Latanoprost, kwa mfano, hutiwa mara moja tu kwa siku, usiku. Inaweza kurefusha kope na kukoleza rangi ya mboni, mambo ambayo mama hatajali. Akibanwa sana kabla hamjafika kwa daktari wa macho, asitie tone lingine la timolol; mkimbizeni hospitali yoyote iliyo karibu, macho yatashughulikiwa baadaye. Ila asiache dawa halafu akakaa nyumbani bila mbadala. Presha ya jicho hurudi juu kimyakimya, hakuna maumivu ya kumwambia kwamba imepanda.

Sasa swali gumu: uoni uliopotea utarudi? Hapana. Najua hukutaka kulisoma neno hilo, lakini mkilijua mapema mtaacha kutupa pesa kwa watu wanaouza dawa za kurudisha macho. Jirani yenu bila shaka alikuwa na mtoto wa jicho. Huo ni ukungu kwenye lenzi. Daktari huitoa lenzi iliyochakaa, huweka ya bandia, na mwanga hupita tena. Kilichoathirika kwa mama ni mshipa wa fahamu unaotoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo. Una nyuzi zaidi ya milioni moja, na uzi uliokufa hauoti tena. Mpaka leo hakuna hospitali duniani, iwe Muscat, London au Boston, inayoweza kuurudisha. Mtu akikuahidi matone ya mitishamba, asali, au kidonge cha "kusafisha mishipa ya macho" kwamba kitarudisha uoni wa mwenye presha ya macho, anakuibia, na kibaya zaidi anakula muda wa mama.

Kinachowezekana ni kulinda kilichobaki. Katika hilo hatua zilizopigwa kwa miaka hii ni za kweli, na moja ya muhimu kabisa kwa mgonjwa kama mama imefanyiwa utafiti Moshi, si ng'ambo.

Nieleze kwanza ugonjwa wenyewe unavyokwenda, ili maamuzi yawe yenu. Ndani ya jicho kuna maji safi yanayotengenezwa saa zote na kutoka saa zote. Lifikirie sinki ambalo bomba halifungwi kamwe: tundu la kutolea maji likianza kuziba, maji hupanda. Jicho halifuriki, ila presha yake hupanda na kuuminya mshipa ule wa fahamu pale unapotokea. Hufa nyuzi za pembeni kwanza, kwa hiyo mtu anaendelea kusoma, kushona na kumtambua mjukuu, huku anajigonga kwenye fremu ya mlango au hamwoni bodaboda anayetokea upande. Jicho moja humfichia mwenzake aibu, ndiyo maana wengi hufika kliniki upande mmoja ukiwa umeshakwenda.

Presha ya kawaida ya jicho ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Msiitegemee namba hiyo peke yake. Wapo wenye 24 ambao mshipa wao uko salama miaka nenda rudi, na wapo wenye 17 wanaopofuka. Hata unene wa kioo cha mbele cha jicho hupotosha kipimo: kikiwa chembamba, mashine husoma presha ndogo kuliko ilivyo kweli. Kwa hiyo mama anahitaji vipimo vinne au vitano vinavyosemeshana, na hapa ndipo mashine mpya zinaposaidia.

Kipimo cha presha kimekuwa chepesi. Kipo kifaa cha mkononi ambacho hugusa jicho kwa kijiti kidogo mno, kwa muda mfupi hata mgonjwa hashtuki, na hakihitaji dawa ya ganzi. Kimesaidia sana kwa watoto na kwa kazi za vijijini. Kuna kioo kinachowekwa juu ya jicho ili daktari aione pembe ya jicho, yaani pale mbele ndani ya jicho penye tundu la kutolea maji; kipimo hiki ni cha zamani na hurukwa kliniki inapojaa watu, lakini kwa mama kina umuhimu wa pekee. Nitaeleza kwa nini nikifika kwenye leza.

Kisha kuna OCT, mashine ya kupiga picha tabaka za ndani ya jicho. Ilitangazwa mwaka 1991 na watafiti wa Boston, na leo imo katika hospitali kubwa za macho za kwetu. Mgonjwa huweka kidevu kwenye kiegemeo, anatazama alama, na ndani ya sekunde chache mwanga usiouma huchora tabaka za nyuma ya jicho kwa vipimo vya maikromita. Tabaka la nyuzi za fahamu likianza kuwa jembamba, mashine inaweza kulionyesha kabla mgonjwa hajajua kwamba kuna anachokosa kuona. Hilo zamani hatukuliweza. Tulikuwa tunatazama mshipa kwa tochi, tunauchora kwa kalamu kwenye faili, na mwaka unaofuata tunajaribu kulinganisha mchoro na jicho.

Kipimo cha uwanda wa kuona ndicho wagonjwa wasichokipenda. Unakaa mbele ya bakuli jeupe, jicho moja limefunikwa, vinuru vidogo vinawaka huku na huku, na kila ukiona kimoja unabonyeza kitufe. Huchosha. Wengi huifuata nuru kwa jicho badala ya kutulia katikati, na karatasi ya kwanza mara nyingi hutoka na makosa. Usiruhusu uamuzi mzito ufanywe kwa karatasi moja iliyofanywa mama akiwa na njaa na amechoka na safari. Aombe kurudia siku nyingine.

Dada, karatasi zote hizo ni mali ya mama. Nunua faili la plastiki, kila kipimo kiingie humo kikiwa na tarehe, na lisafiri naye kila anapokwenda. Daktari anayemwona kwa mara ya kwanza, bila cha kulinganisha, anaona hali ilivyo leo tu. Mwenye karatasi za miaka mitatu anaona mwendo wa ugonjwa, na mwendo ndio unaoamua kama dawa inatosha.

Kaka yako amezitaja mashine za akili mnemba. Ni kweli zipo na zinafanya kazi, ila ajue zinafanya kazi gani. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha ya kwanza inayoweza kutoa jibu bila daktari wa macho kuisoma picha, na ilikuwa ya kugundua uharibifu wa retina kwa wenye kisukari. Karibu na kwetu, Rwanda walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2022: wagonjwa wa kisukari walipigwa picha ya jicho, kundi moja likapewa jibu la mashine hapohapo, jingine likasubiri jibu la mtaalamu siku za baadaye. Waliojibiwa papo hapo, zaidi ya nusu ya waliopewa rufaa walikwenda hospitali. Waliosubiri, walikwenda takriban wanne kati ya kumi. Matokeo hayo naona yana uzito, kwa sababu yanagusa ugonjwa wetu mkubwa, yaani mgonjwa kupewa rufaa na kuishia njiani.

Kwa presha ya macho, mashine hizi bado zinahangaika zaidi. Mishipa ya watu hutofautiana ukubwa na umbo tangu kuzaliwa, na picha peke yake, bila kipimo cha presha na cha uwanda wa kuona, huwatia hofu wasio wagonjwa na kuwaacha baadhi ya wagonjwa. Lakini hoja kubwa kwa kaka ni hii: mashine hizo ni za kumtafuta mgonjwa asiyejulikana. Mama ameshajulikana. Kumpandisha ndege akapigwe picha ya kumwambia anachokijua hakumsaidii.

Wanaozihitaji ni wale ambao hawajui. Miaka ya tisini watafiti waliwapima watu 3,268 wa miaka 40 na zaidi huko Kongwa, Dodoma, na kukuta asilimia 4.16 wana ugonjwa huu. Piga hesabu kwa kijiji chenu. Kenya nayo imetoa mchango mkubwa: programu ya Peek, ya kupima uoni kwa simu ya mkononi, ilijaribiwa Nakuru, na baadaye walimu wa shule za Trans Nzoia wakaitumia kuwapima wanafunzi. Programu ya simu inayopima ukali wa kuona haigundui presha ya macho mapema, kwa sababu katikati ya jicho huwa pazima hadi mwisho. Lakini imeonyesha kwamba mtu asiye daktari, akifundishwa vizuri, anaweza kuwa mlango wa kuingilia hospitali.

Sasa leza. Watu wengi husikia neno "mionzi" wakafikiria matibabu ya saratani. Leza inayozungumzwa hapa, iitwayo SLT, ni mwanga wa kijani wa mipigo mifupi mno, unaoelekezwa kwenye kichujio kilicho katika pembe ile ya jicho, maji yanapopitia kutoka nje. Huamsha seli za pale bila kuunguza tabaka zima, na kwa wiki zinazofuata kichujio hupitisha maji vizuri zaidi. Imetumika tangu miaka ya tisini, ila kwa muda mrefu iliwekwa nyuma ya matone: uanze na chupa, ukishindwa ndipo ufikiriwe leza. Tafiti mbili zimeupindua mpangilio huo.

Ya kwanza ni ya Uingereza, iliyochapishwa mwaka 2019. Wagonjwa 718 waligawanywa, nusu wakaanza na leza, nusu na matone. Baada ya miaka mitatu, karibu robo tatu ya walioanza na leza walikuwa hawahitaji tone lolote. Katika kundi la matone, 11 walilazimika kufanyiwa upasuaji wa kushusha presha. Katika kundi la leza, hakuna. Mwaka 2022 mwongozo wa matibabu wa Uingereza ukabadilishwa, leza ikawekwa mbele kwa wagonjwa wapya wengi.

Ungeweza kusema, hao ni Waingereza, macho yao si yetu, na presha zao hazikuwa za juu sana. Ndiyo maana utafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, uliochapishwa mwaka 2021, naurudia kwa kila mgonjwa wangu. Wagonjwa 201 wa Tanzania, wenye presha iliyopita 21, waligawanywa kwa bahati nasibu: 100 wakapewa timolol, dawa ileile ya mama, na 101 wakapigwa leza. Mwaka mmoja baadaye, presha ilikuwa imefika kiwango kilichokusudiwa kwa asilimia 31 ya macho ya kundi la matone, na asilimia 61 ya macho ya kundi la leza. Karibu maradufu, tena kwa watu wa huku, wenye nauli za huku na chupa zinazoisha kama ya mama yako inavyoisha.

Sababu mojawapo mmeshaiona nyumbani. Tone hufanya kazi siku lilipotiwa. Wiki ile ambayo chupa imeisha, jicho liko peke yake. Leza ikishakubali, hufanya kazi hata siku mama akisahau, akisafiri kwenda msibani, au duka la dawa likiwa halina dawa.

Siku ya leza haina vitisho. Mama atatiwa tone la kuandaa jicho na tone la ganzi, ataketi mbele ya mashine ileile anayochunguzwa nayo siku zote, daktari ataweka kioo kidogo juu ya jicho, na kwa dakika chache atasikia mlio mfupi mfupi na kuona mwanga. Hakuna kulazwa, hakuna kisu. Presha hupimwa tena kabla hajaondoka au siku chache baadaye, kwa sababu kwa wachache hupanda kwa muda mfupi. Jicho linaweza kuwa jekundu na kuuma kidogo kwa siku mbili tatu. Matokeo hayaonekani siku hiyo. Kipimo cha maana ni cha wiki ya nne hadi ya nane, na mpaka hapo anaendelea na matone aliyoandikiwa.

Na mipaka yake muijue. Nguvu ya leza hupungua kadiri miaka inavyokwenda, ingawa inaweza kurudiwa. Kwa baadhi ya watu haikubali kabisa. Na inafaa pembe ya jicho ikiwa wazi. Ikiwa imefunga, SLT si dawa yake, ipo leza ya aina nyingine inayotoboa kijitundu kwenye ile sehemu ya jicho yenye rangi. Hapo ndipo kile kioo nilichokitaja kinapoamua mambo. Kabla hamjalipia leza, muulize daktari: "Umeiangalia pembe? Iko wazi?"

Jicho la kulia la mama linanitia wasiwasi kuliko la kushoto. Likiwa limepoteza kiasi ulichoeleza, daktari anaweza kutaka presha ya chini sana, labda 12 au chini zaidi, na leza peke yake haifiki huko mara nyingi. Akiwapendekezea upasuaji wa kufungua njia mpya ya maji, msidhani amekata tamaa. Upasuaji huo umekuwepo tangu mwaka 1968, unahitaji mahudhurio ya karibu wiki za mwanzo, na ndio unaoshusha presha kwa kiasi kikubwa. Inawezekana kabisa jicho moja likafanyiwa upasuaji na jingine likapigwa leza.

Teknolojia mpya zaidi zipo. Marekani iliidhinisha mwaka 2020 kipande kidogo cha dawa kinachochomwa ndani ya jicho na kuyeyuka taratibu, na mwishoni mwa 2023 kingine kinachopachikwa na kutoa dawa kwa muda mrefu. Vipo pia vijibomba vidogo kuliko punje ya mchele, vinavyowekwa wakati wa upasuaji wa mtoto wa jicho. Nafurahi vipo, na vikifika huku kwa bei ya watu nitavitumia. Lakini vyote vinashusha presha tu, kazi ambayo matone, leza na upasuaji tulionao vinaifanya leo. Kusubiri ni kuziacha nyuzi zilizobaki ziendelee kufa. Kuna pia majaribio yanayoendelea ya vitamini B3 kwa wingi ili kuulinda mshipa. Msikimbilie kuinunua, kwa dozi kubwa inaweza kuumiza ini.

Muscat, basi? Kwa leza hii, sioni sababu. Ugonjwa huu ni wa mahudhurio ya maisha, na daktari aliye umbali wa basi ana thamani kuliko aliye umbali wa ndege. Mwombe kaka ile nauli aitume: ilipie leza, OCT, dawa mbadala ya kifua na macho, na safari za Moshi au Dar es Salaam za mwaka mzima. Pigeni simu kwanza hospitalini mwulize kama leza ya SLT inafanya kazi kwa sasa, bei yake, na kama bima ya mama inaigusa. Linganisheni bei hiyo na ya chupa za miaka mitatu.

Wakati mnasubiri miadi, mfundishe kutia dawa hivi: alale chali, avute kope la chini, tone moja liingie, afumbe jicho bila kulikaza, na kidole kibonyeze ile kona ya ndani karibu na pua kwa dakika mbili. Dawa hubaki jichoni badala ya kuteremka. Akiwa na dawa mbili, apishanishe dakika tano. Chupa ya latanoprost isiyofunguliwa huwekwa kwenye friji. Ikishafunguliwa hukaa nje, isipigwe jua, na baada ya wiki sita itupwe hata kama haijaisha. Na mnunue mpya ile ya zamani ikiwa bado na matone ya wiki moja.

Msimnunulie dukani matone ya macho mekundu bila cheti. Mengi yana dawa za jamii ya steroidi kama deksamethasoni, ambazo huleta nafuu ya haraka huku zikipandisha presha ya jicho. Nimeona vijana waliopofuka kwa chupa kama hizo, walizotumia miezi kwa macho ya kuwasha tu.

Mwisho ni wewe na kaka yako. Ugonjwa huu hutembea kwenye familia, na mtoto au ndugu wa mgonjwa ana hatari mara kadhaa kuliko mtu mwingine. Aliyefika miaka 40 asichelewe, na aliye chini ya hapo apimwe walau mara moja ajue anapoanzia. Kaka apimwe hukohuko Muscat, ataje kwamba mama yake anao, na aombe mshipa uangaliwe, si presha peke yake. Wewe, siku utakayompeleka mama kwa ajili ya kifua na chupa ile, jiandikishe na wewe kwenye dirisha hilohilo. Wadogo wa mama na kaka zake wapigieni simu wiki hii.